Penina wa Sauti ya Tatu

Kule Kansay mtu akifariki, kabla hata wachimba kaburi hawajakubaliana pa kuchimba, lazima atatokea mmoja wa kuuliza, "Mama Lazaro ameshapata habari?" Si kwamba Mama Lazaro alikuwa na dawa ya msiba. Alikuwa na sauti. Wafiwa walijua kwamba akishasimama pale kando ya jeneza na kuanzisha wimbo, hata yule aliyegoma kula tangu jana atakubali uji.

Jina lake hasa ni Penina, mke wa Hhando, mkulima wa mahindi, ngano na mbaazi. Sauti yake haikuwa ya kupiga kelele. Ilipanda taratibu kama moshi wa asubuhi isiyo na upepo, ikifika juu ikatulia hapo, na watu waliokuwa wakisukumana mlangoni mwa kanisa wakaacha kusukumana. Aliipata akichunga ndama wa baba yake akiwa msichana, kwa kuwaita kutoka kilima kimoja hadi kingine. Baadaye usharika ukaipata, na ulipoipata haukuiachia tena.

Mwalimu wa kwaya alikuwa Fabian, fundi seremala, mtu anayetunga nyimbo huku randa ikiwa mkononi. Kila wimbo alioutunga aliujenga juu ya Penina kama mtu anavyojenga paa juu ya nguzo ya katikati. Uliovuma kuliko zote ulikuwa na kibwagizo kifupi: *Bwana, wewe ni ngome yangu, nikiwa nawe siogopi njaa.* Redio ya mjini Karatu iliurusha mara nyingi hata makonda wa magari ya kwenda Mang'ola wakawa wanauimba wakipakia magunia ya vitunguu. Penina akishuka sokoni kuuza maharage, wateja walikuwa wananong'onezana, "Si ndiye yule?" Naye anajifanya hajasikia, lakini kipimo cha maharage kinajazwa hadi kinamwagika.

Hakuwa mwanamke wa majivuno. Alifagia kanisa zamu yake ilipofika, alipika kwenye misiba, aliteka maji kama wenzake. Ila alikuwa na msemo wake. Mvua ziligoma mwaka mmoja, ngano ikakauka ingali kijani, akasema, "Mungu amenipa sauti, nina nini cha kuogopa?" Mwanawe Lazaro akaacha masomo akaenda Arusha kutafuta maisha, akalia siku nzima, kisha akajifuta uso akasema hivyo hivyo. Watu waliusifu msemo ule. Mchungaji aliutaja madhabahuni. Hakuna aliyeusikiliza vizuri, na Penina mwenyewe ndiye aliyeusikiliza kidogo kuliko wote.

Katika safari za injili za kwaya alipata rafiki. Walikuwa wamepanda Nainokanoka, juu kwenye nyanda za wafugaji ndani ya hifadhi, kufungua kanisa dogo la mbao. Baridi ya kule haina adabu. Ukungu unaingia hadi kwenye mifupa. Wanakwaya walipogawanywa kwenye maboma kulala, Penina akaangukia kwa mjane mmoja wa Kimaasai aitwaye Nailantei, ambaye bila maneno mengi alimfunika shuka lake mwenyewe na kumpa maziwa ya moto. Kiswahili cha Nailantei kilikuwa cha kuokoteza, na Penina Kimaa hakukijua kabisa. Lakini tangu hapo, kila Nailantei aliposhuka Karatu siku za mnada, alizunguka kati ya wauza maharage hadi amwone Penina, akaketi karibu naye kwenye gunia, na hapo wakakaa, wakichekea watu na kugawana muhogo wa kuchoma.

Mwaka ule wa ukame mkubwa, ambao mizoga ya ng'ombe ililala njiani, Nailantei alishuka mnadani mikono mitupu. Hakuwa na hata mbuzi wa kuuza. Zizi aliloachiwa na marehemu mumewe lilikuwa limekwisha. Aliketi kwenye gunia akasema neno moja tu: "Imba." Penina akaimba ule wimbo wa ngome, palepale sokoni, watu wakajaa. Nailantei alifumba macho akawa anafuatisha kwa chini, na wimbo ulipokwisha aliinuka, akamshika Penina kichwa kwa mikono yote miwili, akaenda zake akiwa amenyooka. Usiku ule Penina alimwambia mumewe, "Umeona? Sauti hii inaweza kumwinua mtu hata aliyefilisika ng'ombe." Hhando, ambaye si mtu wa maneno, akasema, "Mm."

Uvimbe ulianza kama punje ya haragwe upande wa kushoto wa shingo. Kule nyanda za juu goita si kitu kigeni; karibu kila ukoo una bibi aliyezeeka nayo. Kwa hiyo Penina hakushtuka. Alianza tu kupenda vitambaa vya shingoni. Ulipokua ukafika kama limau, vitambaa vikawa vikubwa zaidi, na alipoulizwa alisema ni baridi.

Wifi yake Martha hakudanganyika. Walikuwa wanapura maharage uani, Martha akaweka fimbo chini. "Wifi, mficha maradhi kilio humuumbua. Unapanda kilima cha kisimani ukihema kama umebeba jiwe la kusagia. Nenda hospitali."

"Tukisharekodi nitaenda," Penina akajibu.

Maana Fabian alikuwa na mpango. Kwaya ilikuwa iende Arusha kurekodi nyimbo zote, na video juu yake, na usharika mzima ulikuwa umeshaanza kuulizana sare itakuwa rangi gani.

Ikaja sikukuu ya mavuno. Kanisa lilijaa hadi nje. Mbele pamepangwa mabunda ya mahindi, maboga, majogoo wamefungwa miguu. Kwaya ikasimama. Penina akaanzisha, akapanda, na alipofika pale juu, pale ambapo watu huacha kusukumana, pumzi ikakatika. Si sauti iliyokatika, ni pumzi. Mdomo uko wazi na hakitoki kitu. Ukimya ule ulidumu kidogo tu lakini kwake ulikuwa kama msimu mzima. Kisha kutoka nyuma yake, Lusia, binti wa sauti ya kwanza aliyekuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, akaudaka wimbo pale ulipoangukia akaupeleka hadi mwisho.

Baada ya ibada watu walikuwa wakimpongeza Lusia. Penina alimkuta kando ya tangi la maji.

"Nani amekutuma?" akamuuliza.

"Mama, niliona wimbo unaanguka."

"Nimekuuliza nani amekutuma."

Binti akaanza kulia. Penina akaondoka, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anatetemeka, mwanzoni kwa hasira, na alipofika kwenye mteremko wa nyumbani kwake, kwa kitu kingine. Alijiona. Alimwona mwanamke mzima akimliza mtoto wa watu kwa kosa la kuokoa wimbo wa Mungu usianguke. Akajiuliza: hivi wimbo ule ulikuwa wa nani?

Kesho yake Hhando alimfungia punda mzigo mapema, akamaliza kazi zake, akavaa shati la kwenda mjini. "Twende," akasema.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye mikono baridi. Aliipapasa shingo, akamwambia alale chali, na Penina akashindwa kulala chali kwa sababu hewa iligoma. Vipimo vilipotoka daktari alivuta kiti akakaa karibu nao.

"Mama, uvimbe huu hauendi nje tu. Unashuka ndani, nyuma ya mfupa wa kifua, unabana koo la hewa. Inabidi tuutoe. Ukiuacha, siku moja utakubana usingizini."

"Utoeni."

"Kuna jambo lazima nikuambie. Mishipa ya fahamu inayoendesha sauti inapita hapo hapo, myembamba kama uzi. Tutajitahidi sana. Lakini siwezi kukuahidi kwamba sauti yako itabaki kama ilivyo."

Penina akafunga kitambaa chake shingoni, akasimama, akasema, "Ahsante daktari," akatoka nje. Hhando alimkuta ameketi kwenye benchi la wagonjwa wa meno.

Wiki zilizofuata kila mtu alikuwa na neno. Mjomba wake alisema kuna mzee Mang'ola anayeyeyusha goita kwa mizizi. Fabian alikuja na kinanda chake kidogo cha betri begani, akasema kwa upole wote alionao, "Dada Penina, turekodi kwanza. Miezi michache tu. Ukienda kukatwa sasa, kwaya imekwisha. Bila wewe hakuna kwaya." Zamani maneno hayo yangemnenepesha. Safari hii yalimtia ubaridi.

Hhando alisema neno lake jioni moja wakikata majani ya ng'ombe kwenye kingo za shamba. "Unakumbuka siku nilipokuona mara ya kwanza?"

"Kwa shangazi yako."

"Ulikuwa na mafua. Nilikusalimia, ukanijibu kama chura. Nikarudi nyumbani nikamwambia baba nimepata mke." Akaendelea kukata majani. "Hii sauti mimi niliikuta baadaye."

Penina alicheka hadi pumzi ikamwishia, akakaa chini kwenye majani, na kicheko kikageuka kilio. Hhando akaketi naye mpaka kikaisha.

Ilikuwa zamu yake ya kufagia kanisa. Alifagia, akapanga mabenchi, kisha akapiga magoti kwenye saruji yenye majimaji ili aombe. Akaanza, "Bwana, nilindie sauti yangu." Hiyo ilitoka bila shida. Kisha akaona ni haki aongeze upande wa pili, kama mtu mzima anavyoongea na Mungu wake. Akasema, "Na hata ukiichukua..." akakwama. Akarudia, akakwama palepale. Maneno ya mwisho yalikuwa mepesi, aliyajua, alikuwa amewaambia wafiwa mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka: *wewe unanitosha*. Alimwambia hivyo mama aliyezika mapacha. Alimwambia hivyo mzee aliyeunguliwa na nyumba. Na sasa meno yake yalikuwa yamefunga kama ya ng'ombe anayenyweshwa dawa.

Alitoka kanisani na sentensi yake nusu. Akawa nayo akikamua, akawa nayo akichambua mbaazi, akawa nayo kisimani. Ndipo alipoanza kuusikia msemo wake wa miaka yote. *Mungu amenipa sauti, nina nini cha kuogopa?* Kumbe hakuwa akimtegemea Mungu. Alikuwa akiitegemea sauti, na Mungu akawekwa hapo mwanzoni mwa sentensi kama mgeni wa heshima anayepewa kiti cha mbele na kusahauliwa chakula. Wenzake walikuwa wakitegemea ng'ombe, mashamba, watoto walioko mjini, wageni wa utalii. Yeye alijiona amewapita wote kwa sababu chake kilikuwa kinaimbiwa kanisani. Nacho kilikuwa kitu tu. Kilikuwa nyama na upepo, na nyuzi nyembamba zinazopita shingoni.

Sentensi aliimalizia shambani, mchana kweupe, mbuzi wakimwangalia. Alikuwa anapalilia. Aliegemea jembe akasema kwa sauti, "Na hata ukiichukua, wewe unanitosha." Hakuna kilichotetemeka wala kushuka kutoka juu. Mbuzi mmoja alikohoa. Lakini alipoinama tena kupalilia aliona jembe ni jepesi, na usiku ule, akiwa ameegemezwa kwenye mito kama ilivyombidi, alilala fofofo.

Asubuhi alikwenda kwa Fabian akamkuta kwenye vumbi la mbao. "Mwalimu, safari ya Arusha isiahirishwe. Nyimbo zangu mpe Lusia. Nitamfundisha mimi mwenyewe."

Fabian akaizima redio. "Dada, na wewe?"

"Mimi nakwenda kukatwa."

"Na ikiharibika?"

"Aliyenipa yupo, Mwalimu. Mimi nilikuwa nadhani nikiipoteza nitakuwa nimempoteza na yeye. Si kweli."

Kwanza alikwenda kumwomba radhi Lusia, nyumbani kwao, mbele ya mama yake, jinsi mkubwa anavyopaswa kuomba radhi akitaka iaminike. Kisha wakaanza kazi. Walikaa kwenye kivuli cha ghala, Penina akimwonyesha mahali pa kuvuta pumzi, neno la kulegeza, neno la kushikilia. Binti alikuwa na sauti kali, changa, isiyo na subira.

"Mama, watu watanilinganisha na wewe."

"Watakulinganisha. Mpaka mavuno yajayo watakuwa wameshachoka. Rudia hapo, usikimbie. Unakimbia nini? Mungu hana haraka."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Uvimbe ulitoka wote. Penina alipozinduka aliona dari nyeupe, akavuta hewa ikaingia hadi chini kabisa, hewa ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu, akafurahi kama mtoto. Kisha akataka kumwambia Hhando, na kilichotoka kilikuwa upepo tu, kama mlango usiofungwa vizuri. Daktari alikuja, akamwangalia, akasema huenda mshipa umeshtuka, huenda utaamka, huenda usiamke sawasawa. Penina alitikisa kichwa kukubali. Akamshika daktari mkono akanong'ona, "Ninapumua."

Nisikufiche, siku hazikuwa nyepesi. Kuna siku ndama alitoroka akaelekea kwenye ngano ya jirani, Penina akafungua kinywa amwite, ndama hakugeuka hata sikio. Ikambidi akimbie na kidonda chake. Kuna siku kwaya ilirudi kutoka Arusha, video ikaonyeshwa kanisani kwenye ukuta, na aliposikia ule wimbo ukipanda kwa sauti ya mwingine, alihisi kitu kikimkaba ambacho hakikuwa goita. Alikaa akausikiliza hadi mwisho. Lusia aliimba vizuri. Penina akapiga makofi, na mikono ilipochoka kupiga akagundua kwamba anapiga kwa furaha ya kweli, si ya adabu.

Mama mmoja alimfuata nje akamwambia kwa huruma, "Pole mwenzangu. Mungu amekunyang'anya."

Penina akamvuta karibu ili amsikie. "Hakuninyang'anya. Alikuwa ameniazima. Na bado hajaondoka."

Mnada uliofuata alimtafuta Nailantei asimwone. Aliyekuja ni Tobiko, mwana wa kwanza wa Nailantei, kijana mrefu mwenye familia yake. "Shikamoo mama. Yeyo, mama yangu, anaumwa kifua. Anasema uje umwimbie."

Penina alionyesha kovu lake, akanong'ona, "Mwambie sauti sina."

"Nilisikia habari, nikamwambia. Akasema basi aje hivyo hivyo."

Walipanda na lori la mwenye duka aliyekuwa akipeleka unga na chumvi, wakashushwa barabara ilipoishia kwenye matope, wakatembea. Ukungu ulikuwa umelala chini; unasikia kengele za ng'ombe huoni ng'ombe. Ndani ya nyumba ya Nailantei mlikuwa na joto la moto na harufu ya maziwa. Mgonjwa alikuwa amelala upande, amekonda, macho yakiwa yaleyale. Mkwe wake, Naisenya, mke wa Tobiko, aliyesoma na kukijua Kiswahili vizuri, alikuwa anamkanda mgongo.

Penina akainama hadi mdomo wake ukawa kwenye sikio la rafiki yake, akaanza kuunong'ona ule wimbo, mstari kwa mstari, pumzi kwa pumzi. Kunong'ona hakuna madoido. Kila neno linasimama peke yake. Akafika kwenye kibwagizo: *Bwana, wewe ni ngome yangu.*

Nailantei akainua kidole. Akasema kitu kwa Kimaa.

Naisenya akatafsiri, uso umemkunjamana. "Anasema umekosea. Siyo ngome. Ni ng'ombe."

"Ngome," Penina akarudia.

"Ng'ombe," Nailantei akasema mwenyewe kwa Kiswahili, kwa uhakika wa mtu anayejua wimbo. "Bwana, wewe ni ng'ombe yangu. Nikiwa nawe siogopi njaa."

Naisenya akaziba mdomo kwa shuka, Tobiko mlangoni akaanza kutikisika mabega, na Penina, asiye na sauti, akacheka kicheko kisichotoa mlio, machozi yakimtiririka. Miaka yote! Kwenye kanisa la mbao, kwenye gunia la maharage, mwenzake alikuwa akiimba *ng'ombe*, na yeye mbele pale, na sauti yake kubwa, hakuwahi kumsikia.

Alipotulia alimweleza kupitia kwa Naisenya: ngome ni ukuta mkubwa, nyumba ya mawe ya kujikinga na adui. Nailantei alisikiliza kwa makini. Akafikiri. Kisha akaongea kirefu, akikohoa katikati, na Naisenya akatafsiri polepole, safari hii bila kucheka.

"Anasema nyumba ya mawe hajawahi kuwa nayo wala hajui inasaidia nini. Lakini ng'ombe anajua. Anasema ule mwaka wa ukame walipokufa wote, alikaa zizini akasema, sasa mimi si mtu. Halafu akaukumbuka wimbo. Akasema, kumbe nina ng'ombe mmoja ambaye ukame haumuui. Ndiyo maana alikuja mnadani akakwambia imba. Alitaka kuhakikisha kwamba wimbo unasema hivyo kweli."

Penina alikuwa ameamini kwamba siku ile sokoni ni sauti yake iliyomwinua mjane huyu. Alichukua mkono wa Nailantei akauweka shavuni mwake.

"Mwambie," akanong'ona, "wimbo wake uko sawa. Asiubadilishe."

Wakauimba hivyo, wote wanne, mmoja kwa kunong'ona, mmoja kwa kukohoa. Kesho yake Tobiko na wenzake walimbeba mgonjwa hadi kwenye gari, gari likamfikisha zahanati, ikaonekana ni nimonia, akapewa dawa. Nailantei hakufa. Kabla masika hayajaisha alikuwa anawakemea watoto wachungao kama kawaida yake. Na mchungaji aliposikia akina mama wa Nainokanoka wakiimba *ng'ombe yangu* akataka kuwasahihisha, Penina alimwomba awaache. Mchungaji alifikiri, akacheka, akawaacha.

Tangu hapo Penina akawa anapanda kule kila alipopata nafasi. Hakwenda tena na kwaya, alikwenda kukaa. Aligundua kwamba anayenong'ona humlazimisha kila mtu kusogea karibu, na waliosogea karibu humwambia mambo ambayo mbele ya kwaya hawakuyasema. Huko misibani nako walizoea. Haanzishi tena wimbo. Anaketi mkekani na mfiwa, bega kwa bega, na maneno yake machache anayasema akiwa ameyaonja mwenyewe.

Mshipa uliamka, lakini uliamka kwa namna yake. Sauti ilianza kurudi taratibu, nzito, yenye mchanga kidogo, na ilipotulia haikuwa na habari ya kupanda popote. Fabian alimwita mazoezini, akabonyeza kinanda, akamwambia afuatishe. Akajaribu sauti ya kwanza: hakuna. Akajaribu ya pili: ikakwaruza. Akashuka tena, na hapo sauti ikaketi vizuri, imejaa, kama mtu aliyefika nyumbani.

Fabian akajikuna kichwa. "Dada Penina, hii ni sauti ya tatu."

Mstari wa wanaume, wenye sauti hiyo, ukaguna. Thomasi, fundi baiskeli, kiongozi wao, akasema, "Mwalimu, huku kwetu hakuna sare ya gauni!"

"Basi nyinyi vaeni magauni," Penina akamjibu kwa sauti yake mpya, na kwaya nzima ikaangua kicheko. Thomasi akamsogezea benchi.

Ndivyo alivyohamia kwa wanaume. Mwanzoni watu walikuja kutazama tu. Kisha wakaanza kusikia kwamba wanaume wa kwaya ile, waliokuwa wakivutana kila mmoja upande wake, sasa wana mtu wa kuwashika pamoja katikati. Lusia anapopanda huko juu hana wasiwasi tena wa kuanguka, maana chini yake kuna kitu kigumu.

Daktari alimwona mara ya mwisho kabla ya mvua za vuli. Akamwambia katika hospitali kubwa wapo wataalamu wanaoweza kujaribu kuirekebisha sauti, akitaka, atampeleka.

"Kuna hatari ya pumzi?" Penina akauliza.

"Hapana. Ila sina hakika kama itarudi ya zamani."

Penina alilifikiria jambo lile kwa uaminifu, maana si mtu wa kudharau dawa. Dawa ndiyo iliyompa hewa. "Tukipata nafasi baada ya mavuno nitakwenda wakaniangalie," akasema. "Ikirudi nitaimba nayo. Isiporudi nina kazi ya kutosha kwenye hii." Akafunga kitambaa kichwani, akamuaga daktari, akaondoka kwa haraka kidogo, kwa sababu Tobiko alikuwa amempigia simu kwamba mkewe Naisenya amejifungua salama, na lori la unga lingeondoka sokoni kabla jua halijawa kali.